Siku Fisi Alipojikagua Mwenyewe

Paukwa!
Pakawa!
Pameruka!
Pakatua!
Aliyeshiba?
Anyamaze!
Mwenye njaa?
Asogee!

Haya, sogeeni. Hapo zamani wanyama walivuka ziwa kwa ungo. Ungo mkubwa wa matete, ukipaa, vuuu! Aliyeusuka ni nani? Usiulize. Waliouliza walishushwa.

Mmoja wa marubani wake alikuwa Mbayuwayu. Mdogo wa kuenea kiganjani, lakini upepo ulimjua. Makinda wake walikuwa ng'ambo ya ziwa, ambako mwaka ule hakukuwa na mdudu hata wa dawa. Kwa hiyo kila asubuhi Mbayuwayu alijaza kumbikumbi kwenye kijifuko, akaenda zake uwanjani.

Na kila asubuhi alimkuta Fisi langoni, mkaguzi aliyewekwa na Simba. Juu ya lango alitua Kanga. Akinusa chakula au akiona kitu chenye ncha, "Kekekekee!" Amri ya Simba ilikuwa moja: Kanga akilia, hupiti. Na Kanga alikililia kile tu alichokitangaza mkaguzi kuwa hatari. Wenye meno na wenye pembe walizuiwa wote, abiria wakabaki vyura na kobe.

"Vua viatu!" Fisi akaamuru.

"Sina viatu, Bwana Fisi."

"Basi panua mabawa! Geuka! Inama! Hiki nini?"

"Kumbikumbi wa wanangu."

"Kekekekee!"

"Umesikia? Hatari hiyo. Utauangusha ungo."

"Bwana Fisi, ungo nauendesha mimi. Nikitaka kuuangusha nahitaji kumbikumbi?"

"Kanuni ni kanuni," akasema Fisi, na kumbikumbi wakaingia mdomoni mwake. Nyamu, nyamu.

Kesho yake vile vile. Panua, geuka, inama, nyamu nyamu. Mbayuwayu akafika ng'ambo na kijifuko kitupu. Makinda wakafungua midomo, wakangoja, wakaifunga. Mdogo wao hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Mama yao akaenda chamani. Chama cha Marubani kilikuwa na mwenyekiti wake, Mzee Mbuni, mwenye mabawa ambayo hayajawahi kumpaisha hata juu ya kichuguu.

"Mwenyekiti, tunanyang'anywa chakula."

"Tunalishughulikia."

"Mnalishughulikiaje?"

"Tumeunda kamati."

"Kamati inafanya nini?"

"Inashughulikia," akasema Mbuni, akaagiza chai.

Mbayuwayu akaondoka anamtukana kimoyomoyo. Mimi ningemtukana kwa sauti.

Mara, ng'ambo ya ziwa, akafa Kiboko. Matanga hayo! Supu ikachemka, harufu ikavuka maji, ikamkuta Fisi kitini. Fisi huyooo, mbio hadi kwenye ungo, udenda unamtoka.

"Twende, Rubani, twende!"

"Umekaguliwa?" Mbayuwayu akamwuliza.

"Mkaguzi si mimi?"

"Ndiyo nauliza. Mkaguzi amekukagua?"

Vyura wakaguna, kobe wakatoa vichwa. Fisi akaona aibu, akarudi. Akajiamuru: "Panua! Geuka! Inama!" Akapita langoni.

"Kekekekee!"

Akajipekua, akakuta mfupa kwapani. Akajinyang'anya, akautafuna. Nyamu, nyamu. Akapita tena.

"Kekekekee!"

"Nini tena?"

"Kimo tumboni," akasema Mbayuwayu. "Chakula cha marubani wote kimo humo. Liache tumbo langoni, Bwana Fisi, wewe uje."

"Niende matangani bila tumbo? Nikafanye nini, nikalie?"

"Kanuni ni kanuni."

Harufu ya supu ikapita tena puani. Fisi akapasua sauti uwanja mzima ukasikia: "Kuanzia leo chakula si hatari! Kipite! Chote kipite!"

Marubani wakajaza vifuko vyao, Mbayuwayu naye kumbikumbi wake, fyuu, fyuu, fyuu, wakapita. Kanga kimya. Fisi akapita. Kanga kimya. Fisi akatia mguu kwenye ungo, akacheka kwa furaha, meno yote nje.

"Kekekekee!"

"Vyenye ncha hukuviruhusu," akasema Mbayuwayu.

Fisi akarudi mbio langoni akatangaze na hilo. Lakini Kanga sasa alikuwa ameyakazia macho meno yale. Fisi akafungua mdomo, yakaonekana. "Kekekekee!" Akaufunga. Akaufungua. "Kekekekee!" Hakuna aliyesikia neno lake hata moja. Ungo ukapaa, vuuu!

Siku ile makinda walikula mpaka wakasinzia na kumbikumbi mdomoni. Mama yao akawatazama, akalia kwa raha.

Uwanjani Mzee Mbuni akafika na ngoma. "Ushindi wa chama!" akahutubia. "Kamati imefanya kazi!" Wakampigia makofi, wakamchagua tena.

Hadithi yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, bakini nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni nimpe jirani. Na funzo lake ni hili, wanangu: mtiini mkaguzi, ngojeni kamati, na msimwulize mwenye cheo swali. Mkifanya hivyo mtaishi kwa amani kabisa, na watoto wenu watakufa njaa kwa utaratibu.