Waliofunga Kavu kwenye Mwamba wa Wenyewe

Bwana asifiwe, mpendwa unayesoma. Kabla sijakusimulia, niungame kwanza. Mwaka juzi nilisema uongo nikiwa katika mfungo. Ulikuwa uongo mfupi, neno moja tu, na nusura umzike mtu.

Naishi Finiksi, Marekani, mji ambao jua lake ni kama kikaango. Tuna kikundi kidogo cha maombi cha Waswahili, na wakati ule nilikuwa kiongozi. Nikawaambia wenzangu kwamba Bwana Yesu alifunga jangwani, na sisi jangwa tunalo mlangoni. Twendeni tukafunge kavu siku moja, bila chakula wala maji, juu ya mwamba.

Waliokubali walikuwa wawili: Dada Tumsifu, na Mzee Zabroni mwenye miaka sitini na tisa. Tuliendesha gari kwa muda wa saa tano kwenda kaskazini, mpaka hifadhi moja iliyo katika nchi ya Wanavajo, watu waliokuwako huko kabla Marekani haijaitwa Marekani.

Getini dada mmoja alitueleza taratibu. Tusiiache barabara. Tusipande miamba. Tusipige picha watu wala nyumba zao bila ruhusa, maana hifadhi ile ni kwao, wanaishi na kuchunga humo. Mwisho akauliza kama tuna maji, lita nne kwa kila mtu.

Garini hatukuwa hata na chupa. Nikajibu, "Tunayo."

Mbele kidogo nikaona mwamba mwekundu, mpana juu kama madhabahu. Tukaegesha gari, tukapita chini ya waya wa uzio. Mzee Zabroni akasema taratibu kwamba uzio huwa una mwenyewe. Nikamjibu kwa Maandiko kwamba nchi yote ni ya Bwana, naye kwa heshima yake akanifuata.

Tuliomba kwa sauti kuu. Nilikemea mizimu ya nchi ile, mingine kwa majina niliyoyatunga papo hapo, Mungu anisamehe. Jua likapanda. Kufika saa saba mchana, Mzee Zabroni akawa hatoi jasho tena, akaanza kumwita marehemu mke wake. Mimi nikadhani amezama rohoni. Nikaongeza sauti.

Ndipo akaanguka.

Nilipogeuka nione pa kukimbilia, mama mmoja alikuwa tayari anapanda mwamba na galoni ya maji mkononi. Hakuuliza kitu. Tukamshusha mzee mpaka kivulini mwa gari lake, pikapu lenye mapipa mawili ya maji nyuma. Akamlowesha shingo, kwapa na kifua, akamwagia tena na tena, mpaka pipa moja likaisha. Kisha tukampakia, mama yule akaendesha kwa kasi hadi zahanati. Daktari akamtundikia dripu, akatuambia atapona, ila tusimshukuru yeye, tumshukuru aliyemmwagia maji.

Tukakaa kwenye benchi nje. Mama yule aliitwa Lorene Attakai. Nyumbani kwake hakuna bomba. Maji yale alikuwa ameyafuata mbali tangu asubuhi, ya kondoo wake na ya kupikia. Nikamuuliza aliwezaje kutufikia upesi vile.

"Sikufika upesi," akasema. "Nilikuwa hapo chini saa nzima."

Akanieleza kwamba kwao mgeni hakimbilii mlango. Hufika, hukaa ndani ya gari, husubiri mpaka mwenye nyumba atoke. Siku ile aliona gari letu, akafuata nyayo zetu aje atutoe kwenye malisho yake, na haki alikuwa nayo. Akatukuta tunaomba.

"Nikaona mko ndani na Mungu wenu," akasema. "Nikazima injini, nikasubiri mtoke."

Mpendwa, sikuwa na pa kuweka uso. Naye akauliza, bila ubaya wowote, tulikuwa tunaomba nini muda wote ule kwa kelele zile.

Dada Tumsifu akainamisha kichwa. Uongo wa pili ulishanijia ulimini. Nikaumeza.

"Tulikuwa tunafukuza pepo wabaya katika nchi yako, mama."

Halafu akauliza kama tumewapata. Nikasema hapana.

"Mimi nina kondoo arobaini pale," akasema. "Kama ni hao mliowafukuza, mtawarudisha wenyewe." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikaisha. "Kuomba mnajua. Kusubiri mlangoni bado."

Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Akaniambia niinuke, watu watadhani na mimi ni mgonjwa. Nikamuuliza nifanye nini basi. Akanionyesha pipa tupu.

Dada Tumsifu akabaki na mzee. Mimi nikaenda na mama Lorene mpaka kwenye bomba, tukapanga foleni nyuma ya magari ya majirani zake, nikajaza. Mfungo wangu niliuvunja palepale. Alinisimamia mpaka nikamaliza kikombe.

Funzo: Mungu yuko kila mahali, na kila mahali pana mwenyeji. Anayempita mwenyeji kwa dharau ili amfikie Mungu, hajamfikia yeyote.

Nakuomba jambo moja. Kama unamjua mtu anayejiandaa kwenda jangwani au mlimani kuomba, mtumie ujumbe huu leo, kisha mpigie simu umuulize amebeba maji kiasi gani.