Viatu vya Kinyozi

Wako watu wanaoweza kukuambia jembe lipi ni zuri, mpini wake uwe wa mti gani, hata duka la kulinunulia, lakini ukifika shambani kwao unakuta magugu yamekufika kifuani. Wahenga waliwajua vizuri, wakawatungia methali yao: mchagua jembe si mkulima. Kinyozi wa hadithi hii alikuwa mmoja wao, na wala simsengenyi, kwani mwenyewe ndiye anayependa kuisimulia.

Mkewe alikuwa mpeleka barua. Tangu waoane alitamani jambo moja: kwenda katika hifadhi ya taifa iliyo juu milimani, aguse theluji kwa mkono wake. Kinyozi alikula yamini kwamba angempeleka. Lakini njia ya kupandia hufunguliwa msimu mfupi tu. Theluji nzito ikianguka, lango hufungwa. Na kila mwaka lilifungwa kinyozi akiwa bado anatafuta koti.

"Baba watoto," mkewe alimwambia asubuhi moja wakinywa chai, "mwaka huu nakwenda. Magoti yangu yameanza kulalamika nikipanda ngazi za watu. Nikingoja tena, theluji nitaiona kwenye kalenda tu."

"Tutakwenda, mama watoto! Ila mlima si wa kuendewa kichwa kichwa. Lazima tujiandae."

Kujiandaa huko! Kila mteja aliyeketi kwenye kiti chake aliulizwa habari za viatu vya mlimani, na kila mteja, hata ambaye hajawahi kupanda kichuguu, alikuwa na jibu. Huyu alisifu soli ngumu, yule soli laini. Kinyozi akanunua jozi, akairudisha. Akanunua nyingine, akaigawa. Siku moja alinogewa na habari za fimbo za kupandia hadi mteja akainuka akaenda zake, akafika njia panda ndipo watu walipomcheka. Alirudi mbio ameshika kichwa.

"Kinyozi! Umeninyoa upande mmoja!"

"Niwie radhi, ndugu yangu, keti. Hivi koti la mlimani lingekuwa lako, ungechukua jekundu au la buluu?"

Mkewe hakuwa na maneno mengi. Alipiga simu hifadhini, akaweka nafasi ya chumba na ya mwongozaji, akakata tiketi za basi.

"Ahirisha kidogo," kinyozi alimsihi. "Viatu vya kweli viko njiani."

"Na theluji nzito nayo iko njiani. Basi ni kesho. Ukija, karibu. Usipokuja, nitakuletea salamu za mlima."

Bahati ya kinyozi, viatu vilifika jioni hiyohiyo, kesho yake akapanda basi navyo miguuni, vinang'aa kama kichwa kilichotoka kunyolewa. Mkewe alivaa sweta mbili, koti lake la mvua la kazini, na viatu vya kazini vilivyokwisha kupinda vikafuata vidole vyake.

Langoni, askari wa hifadhi alimtazama kinyozi kutoka kofia hadi soli.

"Mzee, umeshapanda milima mingapi?"

"Huu utakuwa wa kwanza," kinyozi alijibu kwa fahari.

Mwongozaji akatangulia, kundi la wapandaji likaanza kupanda. Kabla ya kona ya pili visigino vilikuwa vinawaka moto. Kinyozi akauma meno. Punde akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu: malengelenge matupu! Mwongozaji akatikisa kichwa. "Mzee, wewe safari imeishia hapa. Rudi langoni."

Mkewe aliangalia juu kulikokuwa kweupe, akamtazama mumewe. Machozi yakamlengalenga.

"Basi turudi wote," alisema kwa sauti ndogo.

"Turudi nini?" Kinyozi alipandwa na uchungu. "Miaka yote hii umekosa kwa sababu yangu. Leo usikose! Nenda, mke wangu. Nenda!"

Akaenda.

Kinyozi alishuka akichechemea. Askari akamletea beseni la maji, naye kinyozi akatia miguu. Kisha akatoa mkobani darubini aliyokuwa ameichagua kwa muda mrefu kuliko alivyomchagua mke. Ilikuwa darubini nzuri, hilo tusimnyime. Baada ya kungoja sana aliliona koti la mvua limefika penye weupe. Mkewe aliinama, akachota kwa mikono miwili, akairusha theluji juu ya kichwa chake mwenyewe, akacheka kama mtoto. Kinyozi naye akacheka peke yake, huku machozi yakidondokea beseni. Alifurahi, na aliona wivu kwamba hakuwapo.

"Unamwona nani, mzee?" askari akauliza.

"Mke wangu. Amefika."

Askari alitabasamu, akaokota kiatu kimoja, akakigeuzageuza. "Lakini viatu hivi ni vizuri kweli! Umevipata wapi?"

Kinyozi alifungua kinywa aanze habari za soli, akajizuia. Akashusha darubini.

"Mwanangu, habari za viatu nazijua zote. Habari za mlima kamuulize yule mama akishuka. Mchagua jembe si mkulima."