Kadi Moja na Ng'ombe Mpenda Wimbo

Hapo zamani, na mwenye usingizi akalale sasa hivi asije akanikatiza, palikuwa na nyumba moja huko Rungwe yenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Chama cha wafugaji kilikuwa na bima ya matibabu. Ukipeleka maziwa, watoto wako wote wanatibiwa. Na watu wazima? Ng'ombe mmoja, kadi moja ya mtu mzima! Msinikodolee macho, sheria sikuitunga mimi.

Sasa mle ndani watu wazima walikuwa watatu, wagonjwa wote. Bibi Subilaga alikuwa na mtoto wa jicho, haoni kitu. Mwanawe Ambakisye aliteleza mteremkoni na mzigo wa majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Mkewe Ambakisye, Tusekile, alivimba tezi la shingo, sauti ikawa inakwama.

Katibu wa chama akaja kuuliza jina la kuandika kwenye kadi hiyo. Bibi alikuwa amempakata mjukuu wake Lusajo, anampapasa pua.

"Ng'ombe huyu nilimlea mimi tangu ndama," alisema. "Mjukuu wangu simjui sura. Nimwone tu, jamani!"

Ambakisye akasema, "Mama, nisamehe. Majani anayokula niliyakata mimi, na ndiyo yaliyonivunja. Mwanangu ananyoosha mikono nimbebe, nami siwezi kuinuka. Naumia, mama."

Tusekile akasema, "Mkamuaji ni mimi. Ng'ombe huyu haachii maziwa asipoimbiwa. Nikinyamaza, maziwa hakuna, na bima hakuna, hata ya Lusajo." Akashika shingo yake. "Ila daktari anasema nikipasuliwa, sauti itarudi, au itapotea kabisa. Natamani kuimba kama zamani. Na wewe mama, natamani umwone mtoto."

Mara ng'ombe akalia zizini, kiwele kimejaa. Tusekile akachukua ndoo, akaanza wimbo wake. Ukakatika katikati. Bibi akaudaka kule ndani, akauimba kwa nguvu zake zote. Ng'ombe akageuza kichwa kutafuta sauti ile ngeni, lakini maziwa hayakushuka. Tusekile akarudia taratibu, kwa sauti iliyobaki, mpaka ndoo ikajaa nusu.

Alipotoka, katibu alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Maziwa unaleta wewe, mwanangu," alisema katibu. "Taja jina."

Haya, nyie mnaonong'onezana huko nyuma, semeni kwa sauti: Tusekile amtaje nani?