Mkebe wa Shayiri

Kuna vitu mtu akivimwaga havirudi tena chomboni, hata apige magoti na kuvikusanya kwa viganja. Imani ni kimojawapo.

Ngaire na kaka yake, Lindsay, walifuga kulungu kusini kabisa mwa New Zealand. Dume mmoja, Hamish, alifiwa na mama yake angali mchanga, na Ngaire akamlea jikoni kwa chupa ya maziwa. Alipokua, ndiye aliyekuwa ufunguo wa kundi zima. Majirani waliswaga kulungu wao kwa mbwa na pikipiki. Ngaire alitikisa tu mkebe wa shayiri; Hamish akamfuata mpaka ndani ya banda la giza, na wenzake wote nyuma yake, wametulia kama maji ya mtungini.

Majira ya kukata pembe changa za kuuza yakafika. Pembe hizo zina damu, na kuzikata huuma kama kukata kidole, kwa hiyo hutangulia sindano ya ganzi, kisha kungoja, ndipo msumeno. Siku hiyo Hamish aliufuata mkebe hadi bandani kama kawaida. Mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, na gari la kukusanya pembe lilikwisha kupiga honi langoni.

"Kaka, ganzi haijashika," Ngaire alisema, mkono wake shingoni mwa Hamish. "Mjaribu kwanza."

"Ulishamnyonyesha, sasa unataka nimwimbie alale? Hebu mshike, dereva anangoja."

Ngaire akamshika. Msumeno ulipozama, Hamish alilia kilio ambacho Ngaire hakuwahi kukisikia, na macho yake yalimtazama yeye, si Lindsay.

Jeraha lilipona. Siku moja Ngaire akaingia malishoni na mkebe wake, akautikisa. Hamish alisimamisha masikio, akatetemeka mwili mzima, kisha akatimua mbio kama aliyeona moto. Kundi likamfuata, kama lilivyozoea, moja kwa moja hadi kwenye waya wa uzio. Hamish alitangulia. Shingo yake ikavunjika.

Lindsay alikuja polepole, kofia mkononi. "Nisamehe, mdogo wangu. Mwakani tutangoja ganzi, hata iwe mpaka jioni."

"Mwakani watamfuata nani, kaka?"

Mkebe ulikuwa umemponyoka Ngaire. Alipiga magoti, akaanza kuokota shayiri matopeni, punje moja moja, kisha akaacha. Maji yakimwagika hayazoleki.