Orodha Iliyokumbuka Iliki

Mkumbuka iliki husahau mchele. Ndivyo alivyowaambia mama yenu alipopita hapa barazani akawakuta mnazozana juu ya orodha ya sokoni, kisha akaingia zake ndani bila kufafanua. Sasa mnanitazama mimi. Shabani hata simu ameiweka chini, jambo ambalo sijaliona tangu nitolewe mtoto wa jicho kule hospitali. Haya, sogeeni. Methali hii ina nyumba ilikozaliwa, nami nilikuwamo ndani ya nyumba hiyo, tena mwenye makosa mengi nilikuwa mimi.

Ilianza na karatasi moja ya daftari, mwaka ule mdogo wangu Kibibi alipochumbiwa. Ndiye huyo huyo Bibi Kibibi wa cherehani mnayemjua. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na alikuwa Korogwe akijifunza ushoni. Baba yetu alikwisha fariki. Mambo ya nyumba yalikuwa mikononi mwa mama, na yale yanayotaka mwanamume yalishikwa na Baba Mdogo Mbaruku. Barua ya posa ililetwa na wazee wa kijana mmoja aitwaye Hemedi, watu wa heshima, ikajibiwa, na siku ya kupokea mahari ikapangwa. Kibibi aliporudi nyumbani alikuta tunahesabu sahani. Wageni arobaini, siku ya Jumamosi, pilau.

Kijijini kwetu hatukulima mpunga. Siku zote tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na wali ulikuwa chakula cha shughuli. Duka lilikuwa moja, la chumvi na viberiti. Soko la maana lilikuwa gulio la Jumatano, mbali kidogo, na gari la kwenda huko lilikuwa moja tu. Likiondoka adhuhuri, aliyebaki amebaki. Mama yangu, Mungu amrehemu, gulio lilimshinda. Alizunguka mara tatu, akarudia hiki akasahau kile, na safari moja alikwenda kununua sufuria akarudi na kuku wawili. Kwa hiyo nikasimama mimi, mwenye cheti cha darasa la saba na mwandiko uliosifiwa na mwalimu mkuu, nikasema niachieni, safari hii nitaandika orodha.

Na niliiandika! Sijifichi, ilikuwa orodha nzuri kuliko hiyo yenu ya simu. Nililijua gulio kama ninavyoijua nyumba yangu, basi nikaipanga karatasi kwa kufuata njia ya miguu. Ukiingia langoni kuna mstari wa viungo, kwa hiyo viungo juu. Halafu vitunguu na viazi, halafu mafuta, halafu vyombo, na ndimu mwisho kwa sababu wauza ndimu wako kwenye mlango wa kutokea. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kuzunguka. Mbuzi tulikuwa nao nyumbani, kwa hiyo nyama haikutuhusu.

Kisha nikawakusanya watu uani nikawaambia kila mmoja ataje anachokijua. Bi. Tunu, mpishi wa shughuli zote za kijiji na pia somo yake Kibibi, yaani mwanamke aliyemlea katika mambo ya kike tangu alipovunja ungo, alianza na iliki.

"Andika iliki," alisema, "na uandike ya kijani. Ile iliyopauka usiniletee, nitaitupa mbele ya wageni."

Nikaandika: iliki, ya kijani. Mama akataja mdalasini na pilipili manga. Akakumbuka maji ya waridi ya kuwanawisha wageni. Baba Mdogo Mbaruku, ambaye jikoni hajui hata kuni zinaingia upande gani, naye hakukubali kupitwa. Alitaja tambuu, akataja vijiti vya kuchokolea meno, na akasisitiza vijiti viwe vya mianzi. Kila aliyetaja alijisikia mwenye akili, na mimi niliyeandika nikajisikia mwenye akili kuliko wote. Kibibi alikuwa amekaa kizingitini akitutazama. Nilimwuliza kitu kimoja tu: iliki robo itatosha au tuongeze? Akaniambia hajui.

Jumatano tulikwenda, na nilipita gulioni kama mkaguzi. Nje ya lango, kando ya barabara, walikaa wauza mchele na magunia yao, kwa sababu magunia hayapiti kwenye zile njia nyembamba za ndani. Mzee mmoja akaniita, "Binti, karibu mchele! Mpya huu, unanukia!" Nami, wajukuu, nilimwonyesha karatasi yangu kwa mbali nikamjibu, "Asante, mzee, leo nina orodha." Tukampita. Mama akamsalimia na kumwulizia watoto. Tulimaliza mapema hivi kwamba tulimngoja dereva, na mama akanisifu njia nzima.

Jumamosi asubuhi nyama ilikuwa imeiva, vitunguu vimekuwa rangi ya kahawia, na harufu ya ile iliki imefika hadi msikitini. Bi. Tunu akapangusa mikono. "Haya, leteni mchele nioshe," akasema.

Mama akasema uko ndani. Nikaingia ndani, haupo. Nikatoka nikasema labda uko stoo. Stoo mlikuwa na jembe na kuku anayeatamia. Jirani mmoja akasema alimwona mtu akiingiza gunia kwa Baba Mdogo, tukakimbia kwa Baba Mdogo, kumbe gunia ni la mkaa. Baba Mdogo akauliza kama mchele haukuachwa garini. Akatumwa mtu kwa dereva. Dereva akaapa kwamba garini mlibaki kiatu kimoja cha mtoto, kama ni chetu tuje tukichukue. Tulitazama chini ya vitanda. Mama alifunua mtungi wa maji akachungulia ndani, nami nikamwona, na sikumshangaa, maana nilikwisha tazama humo mwenyewe. Tulikuwa tunautafuta mchele uliopotea. Haikumwingia mtu akilini kwamba kinachopotea ni kile ulichokuwa nacho.

"Hebu soma karatasi," Bi. Tunu akaniambia.

Nikasoma. Iliki, ya kijani. Mdalasini. Pilipili manga. Nikafika kwenye vijiti vya mianzi, nikafika kwenye ndimu, karatasi ikaisha.

"Soma tena. Pole pole."

Nikasoma tena, na matokeo yakawa yale yale.

"Geuza nyuma," akasema mama. "Labda uliuandika nyuma."

Nyuma palikuwa peupe. Tukabaki tunatazamana. Mama alidhani mchele umetajwa na Bi. Tunu, maana ndiye mpishi. Bi. Tunu alidhani sina haja ya kutajiwa, maana nani anapika pilau bila mchele? Mimi niliandika nilichotajiwa, nikafuata mistari ya ndani ya gulio, na mchele ulikuwa nje ya lango. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na karatasi yangu.

Hapo tukasikia kicheko ndani. Alikuwa Kibibi, amekaa mkekani na hina mikononi, anacheka peke yake. Tulipoingia tukakuta kile kicheko kina machozi.

"Dada," akaniambia, "nisomee na mimi. Niko mstari wa ngapi?"

"Unasema nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Mchele haumo, na mimi simo. Mmeuliza kuhusu iliki, mmeuliza kuhusu vijiti. Nani ameniuliza mimi kama namtaka huyo Hemedi?"

Mama akamgeukia Baba Mdogo, aliyesimama mlangoni. "Shemeji, si ulimwuliza kabla ya kujibu barua?"

"Mimi?" Baba Mdogo alishtuka kweli kweli. "Mimi mwanamume nimwulize binti mambo hayo? Hiyo si kazi ya somo yake? Nilijua Bi. Tunu amemaliza."

"Mtoto alikuwa Korogwe," Bi. Tunu akasema. "Mliponiambia barua imejibiwa, nikajua mama yake amekwisha zungumza naye."

"Nami nikajua amezungumza na dada yake," mama akasema, akanitazama mimi.

Mdogo wangu, tuliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne, nilimwuliza kiasi cha iliki.

"Lakini mbona ulinyamaza?" Baba Mdogo akajitetea. "Binti akinyamaza si ndiyo amekubali?"

"Nilinyamazia swali gani, Baba Mdogo?"

Bi. Tunu aliuweka mwiko chini. Mwanamke yule hakuwahi kuuweka mwiko chini nyama ikiwa jikoni. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Mimi niliyekumbuka iliki, tena ya kijani, ndiye niliyesahau mchele." Akakaa mkekani karibu na Kibibi akalia, na sote tulijua halii kwa ajili ya pilau.

Mama akachuchumaa mbele ya mwanawe. "Basi nakuuliza sasa," akasema. "Nimechelewa, lakini nakuuliza. Unamtaka?"

Tulitaka aseme ndiyo, mambo yaishe. Kibibi akatikisa kichwa. "Sijui, mama. Sijapata nafasi ya kujua. Nipeni siku nifikiri."

Sasa hebu fikirini. Wageni wako njiani na bahasha ya mahari, na bibi harusi anasema hajui. Baba Mdogo alishika kichwa akaanza kutaja aibu, na jina la marehemu kaka yake, na watu watasema nini. Mama alimwacha amalize. Kisha akamwambia, "Shemeji, aibu ya leo nitaibeba. Ile ya kumtoa mtoto bila kumwuliza sina kichwa cha kuibeba. Mahari hatupokei leo. Lakini wageni watakula."

Watakula nini? Ndipo wanawake wa kijiji walipozunguka nyumba kwa nyumba na beseni. Kila nyumba ilikuwa na mchele kidogo uliofichwa, wa uji wa mgonjwa au wa mgeni wa ghafla. Huyu alitoa kibaba, yule nusu. Ulikuwamo mchele mpya na wa mwaka juzi, mrefu na chenga, wote beseni moja, na Bi. Tunu akaupika hivyo hivyo. Ikatoka pilau ambayo sijaiona tena. Nusu yake ilikuwa bokoboko, nusu inagonga meno, na iliki ya kijani imejaa kila tonge.

Wageni walikula. Baba Mdogo akasimama akasema ukweli wote, kwamba jibu lilitumwa kabla ya mwenyewe kuulizwa. Mzee wao mkubwa alikasirika, sitawadanganya. Alinawa mkono bila kungoja maji ya waridi, akaaga kwa ufupi, wakaondoka na bahasha yao. Vijiti vya mianzi vilibaki mezani bila kuguswa.

Kibibi alifikiri kwa wiki tatu. Hemedi alikuja mwenyewe, akazungumza naye barazani, mama akisikia kutoka ndani. Alikuwa kijana mwema. Kibibi akamwambia hapana, na Hemedi akamshukuru kwa kumwambia kabla badala ya baada. Mwaka wa pili akaja babu yenu Seifu, ambaye hajui iliki inafananaje hata leo, lakini swali la kwanza alilouliza aliliuliza kwa Kibibi mwenyewe. Wenyewe mnaona wanavyoishi.

Maneno ya Bi. Tunu yalibaki kijijini. Akina mama wakayafupisha wakichekana gulioni, na kila nilipopita na karatasi niliambiwa. Miaka mingi yalinichoma. Sikuona haya kwa sababu ya pilau. Niliona haya kwamba ningemwozesha mdogo wangu kwa orodha, kwa mwandiko mzuri, na nikalala usingizi.

Sasa lete hiyo simu, Shabani. Asumini, nisomee, macho mapya bado yanachoka. Karamu ya Bibi kurudi kutoka hospitali. Nyama ya kukaanga. Mahindi ya kuchoma. Korosho. Kashata ngumu, na wewe Asumini umeongeza, zile za karanga. Mmezipanga kwa maduka, naona, hakuna kurudi nyuma. Nimekaa hapa tangu asubuhi nawasikia, nami nimenyamaza.

Mbona mnatazamana?

"Bibi," Asumini amesema, pole pole. "Karamu ni ya kwako. Wewe unataka kula nini?"

Uji wa mchele, wajukuu zangu, na nazi nyingi. Meno yangu yamebaki mawili, nayo hayakutani. Ndiyo maana mama yenu aliwaambia: mkumbuka iliki husahau mchele.