Miguu ya Mtazama Kilimia

“Nyota hutazamwa kwa miguu.”

Nimewaona mkitazamana, wanangu, Bi Rukia alipomwambia mjukuu wake maneno hayo. Kijana anakwenda kusoma mbali. Amefungasha vitabu hata kamba ya sanduku imekaribia kukatika, lakini hajauliza atalala wapi wala atakula nini. Bibi yake akamtolea usemi huo, basi. Nanyi mmenijia mkicheka: tangu lini miguu ikawa na macho? Kaeni. Bado kitambo kidogo kabla ya Isha. Asili ya methali hii ni kisa kilichotokea huku huku kwetu, milimani Usambara, enzi za babu wa babu zetu, nami nitawapa kama nilivyopewa.

Zama hizo wakulima wa mgongo huu wa mlima hawakuwa na kalenda ukutani. Mola aliyezitandaza nyota ndiye aliyewawekea alama, na alama yao kubwa ilikuwa Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga chini ya bawa. Kila mwaka, masika yakielekea mwisho, Kilimia huzama pamoja na jua na kutoweka kwa majuma kadhaa. Kisha, baridi ya kipupwe ikiwa imekaza, hurudi upande wa mashariki wakati wa alfajiri, muda mfupi kabla mwanga haujazifuta nyota. Siku kinapoonekana kwa mara ya kwanza, ndipo maharage hutiwa ardhini ili yapokee manyunyu. Aliyetangulia, mbegu yake ilioza katika udongo wa baridi. Aliyechelewa, manyunyu yalipita mmea haujachipua.

Kazi ya kukingoja Kilimia ilikuwa ya Maalim Hozza Shekigenda, aliyesomesha watoto Kurani, pamoja na shemeji yake Kaniki, mtu wa mizaha mwenye macho makali kama ya mwewe. Walikuwa wawili kwa sababu kijiji kilitaka ushahidi wa watu wawili. Walikaa juu ya jiwe pana linaloelekea mashariki. Moto haukuwashwa hapo, kwa kuwa jicho lililotoka kutazama moto haliioni nyota hafifu. Wala hapana aliyelipanda jiwe hilo na viatu, kwa kuwa wazee walikuwa wakisalia hapo sala ya Alfajiri, na lilifagiliwa kama unavyofagiliwa msikiti.

Kwa miaka mingi desturi hizo mbili hazikumtaabisha mtu. Mbingu zilikuwa safi. Kilimia kilichomoza, wakakiona, wakashuka. Lakini mwaka ninaowasimulia, masika yalikuwa mabaya. Maji yalishuka na mahindi ya watu hadi bondeni, na katika kila nyumba kilichobaki ni kibuyu kimoja cha mbegu za maharage. Mama akikitazama kibuyu kile aliona chakula cha wanawe. Akikitia jikoni, hakuna cha kupanda. Kupanda kulikuwa kwa mara moja tu. Na mwaka huo huo ukungu uliushukia mlima usitake kuondoka. Ulifunguka alfajiri kwa muda wa mtu kusoma Fatiha, ukafunga tena.

Maalim Hozza alijivika kama anayekwenda vitani na baridi. Kilemba kichwani, joho juu ya kanzu, na mabegani mablanketi mawili. Kaniki alifanya vivyo hivyo. Lakini nyayo zao zilikuwa tupu juu ya jiwe lililokuwa limekunywa baridi ya usiku kucha. Baridi ile haikutoka hewani. Ilitoka chini, ikapanda vifundoni, ikafika magotini, hata meno yakaanza kugongana. Wakavumilia. Mwishowe wakashuka mbio hadi kwenye kibanda cha mlinzi wa shamba, wakainyoosha miguu motoni. Walipokuwa hapo wakasikia sauti za wanawake waendao kisimani.

“Mbingu ilivyofunguka, Maalim! Bila shaka leo mmekiona.”

Wakatoka nje wakikimbia. Macho yao yalikuwa yamejaa moto, na ukungu ulikuwa umekwisha kufunga.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Jioni yake watu wakakusanyika, na Mzee Shemdoe, mwenye nyumba kubwa kuliko wote, akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu waliokuwa wakila majani ya maboga bila kitu kingine.

“Maalim, nakuheshimu,” akasema. “Lakini siwezi kuwalisha watoto ukungu. Kesho jua likitoka nitatia mbegu, kionekane kisionekane.”

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Maalim akaomba alfajiri moja tu. Wakampa, kwa shingo upande.

Akarudi nyumbani, akamkuta mkewe, Bi Hadia, amekaa karibu na mafiga.

“Hadia, niongeze blanketi.”

“La tatu? Utaliweka wapi, mume wangu? Huko juu umejaa.”

“Baridi itaniua.”

“Inakuingilia wapi?”

Maalim akafikiri, kana kwamba hakuwahi kujiuliza. “Miguuni,” akasema.

Bi Hadia akacheka mpaka akashika ubavu. “Wewe na kaka yangu Kaniki! Juu bwana harusi, chini kuku aliyenyeshewa.”

“Jiwe lile ni mahali pa sala. Sitalikanyaga na viatu.”

“Nani amekutajia viatu? Nakusikia kila siku hapo uani ukiwafundisha watoto udhu. Mtoto akipaka maji kichwani, akasimama aende zake bila kuosha miguu, unamwambiaje?”

“Namwambia arudi, hajatimiza.”

“Basi rudi, Maalim. Hujatimiza.”

Naye akacheka, maana neno lilikuwa lake mwenyewe na lilimpata barabara. Akakaa akalipima kama alivyopima mas'ala mengine ya dini. Viatu vinavuliwa kwa ajili ya uchafu wa njiani, akasema. Jani kavu na safi halina uchafu. Akatoka na tenga kubwa, akalijaza majani makavu ya migomba. Bi Hadia naye akachukua jiwe la mtoni, akalifukia katika majivu ya moto, na wakati wa kuondoka ulipofika akalizungushia kanga kuukuu na kulilaza chini kabisa ya majani. Likawa joto lisilo na mwanga, lisiloweza kulidhuru jicho.

Kaniki alipomwona shemeji yake ameketi juu ya jiwe, miguu imezama tengani hadi magotini, hakuweza kujizuia.

“Shemeji, umekuja kutazama nyota au kuatamia mayai?”

“Yakianguliwa nitakupa kifaranga. Keti.”

Kaniki akaketi kando, nyayo zake juu ya jiwe. Akazikunja, akazisugua, akakalia moja, akabadilisha, akakalia nyingine. Hatimaye akainuka aende kibandani.

“Kaniki,” Maalim akamwita, “ukishuka sasa nitabaki shahidi mmoja, na Shemdoe atatia mbegu. Tenga lina nafasi.”

Kaniki akasimama kidogo, heshima yake ikishindana na vidole vyake. Vidole vikashinda. Wakakaa bega kwa bega, miguu minne katika tenga moja, na kwa mara ya kwanza tangu kipupwe kianze hakuna aliyeifikiria miguu yake.

Ukungu ukafunguka. Mashariki kote kukawa wazi, na nyota zilikuwepo, lakini Kilimia hakikuwamo.

“Hakipo,” Kaniki akanong'ona. “Basi, shemeji. Tumeona kwa macho yetu. Twende tukawaambie.”

“Una baridi?”

“Hapana.”

“Una haraka?”

Kaniki akaurudisha tengani mguu aliokwisha kuutoa.

“Nyota hupanda,” Maalim akasema. “Anayeondoka mapema atasema kweli, lakini atasema kweli nusu. Tungoje.”

Ukungu ukafunga. Wakakaa wakimtaja Mola wao kwa sauti ndogo, kila mmoja kwa vidole vyake. Weupe wa kwanza ulipoanza kupenya chini ya mbingu, pazia likapasuka tena, jembamba kama ufa wa mlango. Maalim akanyoosha shingo, asione kitu. Kaniki ndiye aliyemshika mkono.

“Pale! Juu kidogo ya bega la mlima. Usikitumbulie macho, kitazame kwa pembeni.”

Maalim akatazama kwa pembeni, na vifaranga wale walikuwa pale, wadogo, wamesongamana, wakitetemeka mbele ya mwanga. Walipotosheka kukiona, mwanga ukakifuta. Maalim akasimama juu ya jiwe akaadhini, na sauti yake ilikatika mara mbili kwa furaha.

Walipokwisha kusali wakashuka. Mzee Shemdoe alikuwa amesimama shambani mwake, jembe begani, kibuyu mkononi, akiyangoja mapambazuko.

“Kimeonekana,” Maalim akasema. “Tu mashahidi wawili. Tia mbegu, na Mungu akubariki.”

Shemdoe akautazama mlima uliofunikwa. “Katika ukungu huu? Mmekionaje?”

“Kwa miguu, mzee,” Kaniki akajibu.

“Kaniki, nina watoto wenye njaa. Usinichezee.”

“Hakuchezei,” Maalim akasema. “Macho haya tulikuwa nayo jana na juzi, yasitufae kitu. Miguu ndiyo iliyotukimbiza, na leo miguu ndiyo iliyotukalisha hata tukaona.”

Shemdoe akaiangalia miguu ya Maalim, iliyokuwa bado na vipande vya majani ya migomba kati ya vidole. Akavuta kizibo cha kibuyu. Nyumba zote zikafuata, na wiki hiyo haikwisha ila manyunyu yalianguka, mororo, yenye subira, na maharage yakatoka kwa safu.

Mwaka uliofuata, kipupwe kilipoingia, hapana aliyewauliza watazamaji kama macho yao yangali mazima. Wanawake walipeleka majani makavu kwa Bi Hadia, na Shemdoe mwenyewe aliteremka mtoni kuchagua jiwe.

Basi, wanangu, mtu akiinua uso kutafuta jambo la juu, iwe elimu, iwe ibada ya usiku, iwe kuwaongoza wenziwe, msimsifu kwanza kwa umbali anaouona. Mtazameni chini, mjue kama amejitayarishia mahali pa kungojea. Wenye macho makali walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa kibandani wakiota moto mbingu zilipofunguka. Nyota hutazamwa kwa miguu.