Mgeni wa Kitwana

Mwaka 1996, theluji ya mji wa Saint Paul, Marekani, ilipoanza kuyeyuka, Fadhila alimpigia simu kaka yake Kitwana, fundi wa mitambo kule Ujerumani, kumwambia anataka kumtembelea. Fadhila alikuwa muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa moyo. Walikuwa hawajaonana miaka saba.

"Usije, mdogo wangu," Kitwana alisema. "Nyumba yenyewe ndogo kama kiota, na kazi zimenibana."

"Nitalala hata jikoni, kaka."

Fadhila alikata simu akiwa na simanzi, akidhani kaka yake amemchoka. Hata hivyo aliomba likizo, akapanda ndege.

Kijiji cha Kitwana kilikuwa chini ya kilima, na kileleni yalisimama magofu ya ngome ya miaka mia saba. Fadhila alipoyaona tu, alitamani kuyafikia. Kitwana alisitasita, lakini aliona haya kumnyima mgeni wake.

Wakapanda. Kila kona Kitwana alisimama kusimulia: hapa palikuwa na lango, pale maadui walivurumishiwa mawe, kule bwana wa ngome alihifadhi nafaka. Fadhila alimsikiliza kwa furaha. Walipoingia uani, penye majani na kuta zilizomeguka, akaonyesha mnara.

"Na pale je?"

Kitwana alifungua kinywa, neno lisitoke. Aliegemea ukuta, jasho likimtiririka ilhali upepo ulikuwa baridi. Hapo Fadhila akaelewa zile hadithi zote za njiani. Alimketisha juu ya jiwe, akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikwenda mbio, yakiruka ovyo.

"Tangu lini hupati pumzi?"

Kitwana alitazama chini. "Yapata mwaka. Ndiyo maana nilikukataza. Nilijua utanigundua."

"Ukaona heri ufe peke yako?"

Fadhila alimshika mkono, wakateremka hatua kwa hatua kama bibi na bwana wazee, na kesho yake akampeleka hospitalini. Vali ya moyo, kilango kinachopitisha damu, ilikuwa imeharibika. Daktari alisema bila upasuaji asingefika majira ya baridi.

Fadhila aliomba aongezewe likizo. Kitwana alipozinduka baada ya upasuaji, alimkuta kando ya kitanda.

"Nilikwambia usije," alinong'ona.

"Uliniambia."

Kitwana alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Walionena hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.